Saa Ambayo Haikununuliwa: Meli Zilizopotea Miaka 200 Iliyopita na Vyombo Vyetu vya Leo

(Maneno haya yalitolewa na Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti katika kikao cha wenye vyombo, manahodha na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, mwanzoni mwa msimu wa kusi. Yamefupishwa kidogo.)

Mheshimiwa Waziri wa Uvuvi wa Kaunti, wazee wa bandarini, manahodha, kina mama mnaongoja samaki ufuoni, vijana wa boti za watalii: ahsanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Najua maji yanakupwa na wapo hapa wanaotazama saa, kwa hivyo sitawachelewesha.

Mimi si baharia, na hilo mnalijua. Siku niliyopelekwa nje ya mwamba kupiga picha za doria, walionibeba bado wanaihadithia. Kazi yangu ni kuandika. Chombo kikizama, simu ya kwanza au ya pili huja kwangu, na mimi ndiye ninayeandika taarifa mnayoisikia redioni jioni.

Juzi nilizitoa taarifa zangu za zamani nikazisoma tena. Karibu zote zina maneno yale yale: "kutokana na upepo mkali na mawimbi makubwa." Katika mojawapo, walionusurika walikuwa wameshaniambia kwamba jaketi za kuokolea zilikuwamo chomboni, lakini ndani ya gunia, gunia limefungwa kamba, na juu yake kumepangwa mizigo. Sikuliandika hilo. Niliandika mawimbi. Wimbi halipigi simu ofisini kulalamika.

Kwa hivyo nilipoombwa nizungumze leo, niliogopa kuleta habari za juzi. Kila chombo cha juzi kina mwenyewe, na pengine amekaa kiti cha mbele, na nyuma yake amekaa ndugu wa marehemu. Nimeleta meli za miaka 200 iliyopita, za Waingereza na Wafaransa. Hizo tunaweza kuzifungua ngama mpaka mlingoti bila mtu kumwonea mwenzake haya.

Ya kwanza inaitwa Arniston. Ilikuwa meli kubwa ya safari za India, iliyokodishwa na serikali ya Uingereza kubeba askari. Mwaka 1815 ilitoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, ikirudi Uingereza na askari waliojeruhiwa vitani, mabaharia, wanawake na watoto. Jumla yao watu 378. Haikuwa peke yake. Ilikuwa katika msafara pamoja na meli nyingine, na manowari za kuulinda.

Sasa hapa pana jambo nataka tulitazame taratibu, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Nahodha wa meli ya zamani aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua la adhuhuri. Hilo halikuwa shida. Shida ilikuwa kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Kwa hilo alihitaji saa. Tena si saa ya mkononi, bali saa maalumu ya baharini, kronomita, isiyoyumbishwa na joto wala mtikisiko wa meli. Saa hiyo hutegwa kwa saa za London na haiguswi. Ukiwa katikati ya bahari, jua likifika utosini, kwako ni saa sita mchana. Unatazama kronomita: inasema London ni saa nne asubuhi. Basi umeitangulia London kwa saa mbili, na kwa kuwa dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, uko digrii 30 mashariki yake. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Lakini bila saa haifanyiki, na ukikosea dakika nne tu umekosea digrii moja nzima, ambayo huku kwetu karibu na ikweta ni maili 60 za baharini.

Arniston haikuwa na kronomita. Wakati ule iliuzwa kati ya gini 60 na 100, pesa nyingi kwa mtu wa mshahara. Wanaoisimulia habari yake wanasema nahodha hakuweza kuinunua mwenyewe, na wenye meli nao hawakutaka kutoa fedha. Asiyeridhika kusafiri bila saa angeacha kazi, na mwingine angetafutwa. Nadhani kuna manahodha hapa wanaoyajua maneno hayo, hata kama waliyasikia kwa Kiswahili.

Msafara ulipokuwa pamoja, upungufu huo haukuonekana. Arniston ilifuata wenzake wenye saa. Lakini mwishoni mwa Mei, karibu na ncha ya kusini ya Afrika, dhoruba ikawatenganisha. Ikabaki peke yake, inakisia: tumekwenda kasi kiasi fulani, kwa muda fulani, kwa hivyo tuko mahali fulani. Mkondo wa maji haumo katika hesabu hiyo, kwa sababu anayebebwa na mkondo haoni kwamba anabebwa. Tarehe 29 Mei wakaiona nchi kavu kwa mbali. Wakaamini kwamba wamekaribia kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kumbe walikuwa bado upande wa Rasi Agulhas, zaidi ya kilomita 100 nyuma ya pale walipodhani. Usiku wakaendelea magharibi, kisha wakageuza omo kaskazini, wakijua mbele yao ni bahari tupu hadi kisiwa cha St Helena. Mbele yao kulikuwa na Afrika.

Walipoona mawimbi yanavunjika miambani, upepo ulikuwa unawasukuma nchi kavu na hakuna tena nafasi ya kugeuza. Wakatupa nanga tatu. Amari mbili zikakatika. Afisa mmoja akamshauri nahodha aikate ya tatu pia, ili meli ipande ufuoni kwa omo na labda watu wengine wapone. Ikakatwa. Meli ikagonga mwamba mbali na ufuo, ikavunjika usiku huo huo wa tarehe 30 Mei 1815.

Watu 378. Waliofika nchi kavu wakiwa hai ni 6.

Hao sita nao wakaanza kutembea kutafuta watu, na kwa kuwa waliamini bado hesabu ile ile ya nahodha, wakaelekea mashariki, yaani upande usiokuwa wenyewe. Walitembea siku kadhaa kabla ya kukata tamaa na kurudi mahali meli ilipovunjikia, wakaishi kwa pipa la unga wa shayiri lililoletwa na maji, na wakazika maiti. Mtoto wa mkulima mmoja akawakuta katikati ya Juni. Kijiji cha wavuvi kilichoko pale leo huitwa Arniston, kwa jina la meli.

Niseme kidogo kuhusu maji yenyewe, maana nilipofika hapa mzee mmoja aliniuliza, "Afrika Kusini inatuhusu nini?" Mkondo mkubwa unaotoka mashariki ukivuka Bahari ya Hindi hufika pwani ya bara karibu na kaskazini ya Msumbiji, ukagawanyika. Mkono mmoja hupanda kaskazini, ndio huu unaowasukuma ninyi mkienda na kusi. Mkono mwingine hushuka kusini, na maji yake ndiyo yanayoulisha mkondo wa Agulhas. Kwa hivyo ni maji ya familia moja, mzee wangu. Na saa za namna ile zilikuja huku pia. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1820, Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani hii yote akiwa na kronomita katika manowari Leven na nyingine iliyoitwa Barracouta. Homa iliwaua watu wake wengi kuliko bahari. Luteni wake Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, alifariki mwaka huo huo. Ndiye aliyeachia jina lake Port Reitz.

Nikirudi kwenye meli zangu: huenda mtu akasema, Arniston ilikuwa na dhoruba, afisa huyu bado anatuletea mawimbi. Haya, nitakupa ya pili, ambayo haikuwa na dhoruba.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 1816, manowari ya Ufaransa iliyoitwa Méduse ilitoka Rochefort kwenda Senegal, nchi ambayo Waingereza walikuwa wanawarudishia Wafaransa. Ndani mlikuwa na gavana, askari, watumishi na mabaharia, karibu watu 400. Nahodha wake, Chaumareys, alikuwa hajakaa baharini kwa zaidi ya miaka 20. Alipewa meli kwa sababu alikuwa mtu wa mfalme aliyerudi madarakani. Maafisa waliojua kazi walimwonya kuhusu fungu la mchanga la Arguin, mbele ya pwani ya Mauritania. Yeye akamsikiliza abiria mmoja aliyejidai kwamba anaijua pwani ile. Tarehe 2 Julai, mchana, hali ya hewa njema, maji yamejaa, meli ikapanda mchanga.

Wanaojua kupwelewa wanaelewa maana ya kupwelewa wakati maji yamejaa: hakuna bamvua ya kukungoja baada ya saa sita. Ingewezekana kuipunguzia meli uzito kwa kutupa mizinga baharini. Nahodha hakukubali kuitupa.

Mashua zilikuwa sita, hazikutosha watu wote. Wakaunga jahazi la magogo na milingoti, wakapanda juu yake watu wapatao 147, wakaahidiwa kwamba mashua zitawavuta hadi ufuoni. Hazikuwavuta mbali. Kamba ikaachiwa. Siku 13 wale watu walielea bila nahodha, bila maji ya kutosha, na yaliyotokea pale juu sitayasimulia mbele ya watoto. Meli nyingine ya msafara, Argus, ilipowakuta tarehe 17 Julai, walikuwa hai 15, na watano kati yao wakafa siku chache baadaye. Mchoraji Géricault aliwachora. Picha hiyo iko Paris, kubwa kama ukuta wa darasa. Nahodha alishtakiwa, akafungwa miaka mitatu.

Hapo hakuna wimbi la kulaumiwa. Kuna barua ya uteuzi, na idadi ya mashua iliyojulikana kabla nanga haijang'olewa.

Ninachokipenda katika habari za zama hizo ni watu wachache waliokataa kusema ni kudra tu. Mmoja ni George Manby, aliyekuwa na cheo cha kambi huko Great Yarmouth, Uingereza. Mwaka 1807 aliona meli imekwama chini ya mita 100 kutoka ufuoni, na watu wakafa mbele ya macho ya kijiji kizima kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafikishia kamba. Akachukua mzinga mdogo, akaufanyia majaribio ya kurusha risasi iliyofungwa kamba. Mwaka 1808 kamba hiyo ikawatoa mabaharia saba wakiwa hai. Mwingine ni Sir William Hillary wa Kisiwa cha Man, aliyechoka kutazama meli zikivunjika ghubani kwake. Mwaka 1824 ikaanzishwa kwa juhudi zake taasisi ya mashua za uokozi inayofanya kazi Uingereza mpaka leo, na wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea.

Nyumbani sasa. Wenye umri wangu na zaidi tunakumbuka, au tumesimuliwa na mama zetu, asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 pale Mtongwe. Feri ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Sihitaji kuwaeleza zaidi, kuna nyumba humu ambazo tarehe hiyo bado husomewa dua.

Kwetu leo kronomita imo ndani ya simu ya kila mtu, na inakwambia ulipo kwa mita chache. Kwa hivyo saa isiyonunuliwa imebadilika sura. Ni jaketi mbili zilizopungua kwa sababu "abiria wenyewe hawazivai." Ni nahodha aliyekataa kuondoka siku ya onyo la Idara ya Hali ya Hewa, akaambiwa na mwenye boti kwamba kuna kijana mwingine anaitaka kazi. Hilo la pili nimelisikia mara nyingi kuliko la kwanza, na halimo katika fomu yoyote ya ukaguzi.

Kwa upande wangu, nimemwomba mkuu wangu ruhusa, naye amekubali: kuanzia msimu huu, taarifa yoyote ya ajali itakayotoka ofisini kwetu itataja idadi ya watu waliokuwamo, idadi ya jaketi zilizokuwamo na zilizovaliwa, na kama onyo la upepo lilikuwa limetolewa. Hata chombo kikiwa cha kaunti. Najua kuna watakaonichukia. Anayetaka kunilaumu anajua ofisi yangu ilipo.

Na nahodha aliyekataa kuondoka akafukuzwa kazi, aje aniambie. Jina lake sitaliandika. Nitaandika kwamba ilitokea.

Meza ya ukaguzi iko chini ya mkwaju, na wakaguzi watakuwapo mpaka saa nane. Leteni jaketi zenyewe, si picha zake kwenye simu. Chai na mahamri viko upande wa kina mama.