Mti Una Bei, Karatasi Anayo Nani?

Wahitimu, hongera ziwaendee kwanza akina mama waliouza makala ya kupikia kando ya reli ili pesa za shule zipatikane.

Nimezeekea katika kazi ya misitu, na lawama yangu naielekeza kwetu wenyewe. Tunapenda sana bei. Msitu ukipungua, tunaongeza kodi na vibali, tukidhani watu watakata kidogo. Lifuateni gunia la makala kutoka hapa Niemba hadi Kalemie: kwenye kila kizuizi kuna mkono. Mchomaji akiona faida imeliwa njiani, anawasha tanuri la pili. Kodi ya kulinda msitu inakata msitu!

Mti wa mukula mnaujua. Wanunuzi wa nje walipoutaka, ulikatwa Katanga yote. Ulipoingia katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2019, visiki vilikuwa vingi tayari, na mwenye kijiji alikuwa amepewa hela ya sabuni.

Lakini vukeni ziwa hadi Tanzania. Kule Katavi, vijiji 8 vya wilaya ya Tanganyika vinatunza msitu wa milima ya Ntakata na kuuza kaboni iliyohifadhiwa na miti yao, pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Pesa zinafika kwa serikali za vijiji, nazo zinajenga zahanati na madarasa. Miombo yao haina tofauti na yetu. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na hapa kwetu Kongo sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Hata hivyo dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, bure, bila ukomo wa miaka. Nani hapa ameisoma? Bwana Prefe, mkuu wa shule, naona unatazama viatu.

Halafu jifunzeni kupima mti, jamani! Ofisini tuna mabwana wanaopima msitu kwa kalamu. Utepe wa fundi cherehani unatosha: mita 1.3 kutoka ardhini, zungusha shinani, andika. Mnunuzi wa kaboni analipia namba, na msipokuwa nazo ataleta mpimaji wake, kisha gharama ikatwe kwenye fungu lenu.

Nakala ya dekreti ninayo mkobani, moja tu, ya Kifaransa. Mtaazimana. Aanze mtoto wa mchoma makala.