Uzito wa Jiwe la Ngoingwa

Anayetoka Thika mjini akashika barabara ya Mang'u hufika Ngoingwa, mtaa ambao ujenzi haukomi. Vibarua hushusha mawe ya kujengea kutoka kwenye lori, moja baada ya jingine, na kila jiwe huwatoa jasho. Uzito huo umetoka wapi? Jibu la haraka ni atomi: ndani yake mna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Hapo ndipo hesabu inapokataa. Masi ya protoni, kwa kipimo cha wanafizikia kiitwacho megaelektronivolti, ni 938. Imeundwa kwa kwarki 3, na masi za kwarki hizo zikijumlishwa hazizidi 10 au hapo karibu. Kiasi kilichobaki, yaani karibu chote, ni nishati: mwendo wa kwarki zenyewe na kani ya gluoni zinazozifunga pamoja.

Kulitamka hilo ni rahisi. Kuikokotoa 938 kutoka kwenye milinganyo yenyewe kuliwachukua wanafizikia zaidi ya miaka 30.

Milinganyo ilikuwepo tangu mwaka 1973. Kikwazo kilikuwa tabia ya gluoni: zinashika kwarki, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Mbinu ya kukadiria hatua kwa hatua, ambayo humtosha anayechunguza elektroni, huvunjika kabisa ndani ya protoni. Mwaka 1974 Kenneth Wilson, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitoa wazo la ujasiri: tuache kuichukulia nafasi na wakati kama kitu kisichokatika, tuvitandaze kama wavu. Kwarki zikae kwenye mafundo, gluoni kwenye nyuzi zinazounganisha fundo na fundo. Wanafizikia huuita wavu huo latisi.

Mkulima wa kahawa wa Ruiru hahitaji kufafanuliwa sana. Aina za zamani kama SL 28 hupandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kila upande, mashina kama 1,330 kwa hekta. Ruiru 11, iliyozalishwa na watafiti wa kahawa papo hapo Ruiru na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, hupandwa kwa mita 2 kwa 2, na hekta ile ile ikabeba mashina 2,500. Ukipunguza nafasi kwa nusu katika shamba, mashina huongezeka mara 4. Wavu wa Wilson, hata hivyo, una pande 4, tatu za nafasi na moja ya wakati. Nafasi ikipungua kwa nusu, mafundo huongezeka mara 16, na kazi ya kompyuta hupanda zaidi ya hapo. Lakini hakuna njia ya mkato. Wavu ni chombo tu, wala haumo katika maumbile. Ndiyo maana hesabu hurudiwa kwa nafasi ndogo na ndogo zaidi, kisha jibu hufuatiliwa mpaka pale ambapo nafasi ingekuwa sifuri.

Idadi ya namna ambazo gluoni zinaweza kujipanga kwenye nyuzi hizo haihesabiki, kwa hiyo kompyuta huchagua sampuli kwa bahati nasibu, ikizipendelea zile ambazo nadharia inazipa uwezekano mkubwa. Michael Creutz wa maabara ya Brookhaven alionyesha karibu mwaka 1980 kwamba mbinu hiyo inafanya kazi, kwa wavu mdogo ambao kompyuta ya mkononi ya leo ingeumudu bila shida. Masi yenyewe husomwa kwa kutazama jinsi ishara ya chembe inavyofifia upande wa wakati: chembe nzito hufifia upesi, nyepesi hukawia.

Ushahidi wa mbinu hii ulio mzito kuliko wote ni ule uliotangulia kipimo. Mwishoni mwa mwaka 2004, kundi la wanafizikia wa Uingereza na Marekani lilitabiri kwamba chembe iitwayo mesoni ya Bc ingekuwa na masi ya 6,304, pungufu au zaidi kwa takriban 20. Wakati huo vipimo vilikuwa hafifu mno kuwasaidia kubahatisha. Miezi michache baadaye mtambo wa CDF katika maabara ya Fermilab ukapata karibu 6,287. Hesabu ilikuwa imesema kweli mapema.

Novemba 2008 ikafika zamu ya protoni. Kundi la Stephan Dürr na wenzake wa Ujerumani, Ufaransa na Hungaria lilitumia nafasi 3 za wavu, likaipa hesabu masi za chembe 3 tu kuwa vipimo vya kuanzia, na nyingine zote zikatoka zenyewe. Protoni na nyutroni, zikichukuliwa kama chembe moja, zilitoka 936, kosa likikadiriwa kuwa asilimia chache tu.

Mwaka 2015 kundi lilelile la utafiti likathubutu kuitafuta tofauti kati ya nyutroni na protoni, ambayo ni 1.293 tu. Lilipata 1.51, na kipimo halisi kimo ndani ya mipaka ya kosa lake. Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa. Kama protoni ndiyo ingekuwa nzito zaidi, haidrojeni ya kawaida isingedumu, na maporomoko ya Chania pale Thika yasingekuwa na maji.

Afrika Mashariki haiko mbali na kazi ya namna hii. Mwaka 2012 Eldoret ilipokea shule ya Kiafrika ya kukokotoa tabia za elektroni katika maada, fani iliyo jirani. Tangu mwaka 2018 Kigali ina taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, chini ya kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia, na Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha hata fizikia ya chembe.

Mwanafunzi wa Juja au Thika hana haja ya kusubiri kompyuta kuu. Peter Lepage wa Cornell ameandika masomo ya latisi kwa wanaoanza, yapo bure mtandaoni, na mazoezi yake hufanywa kwa Python. La kwanza ni chembe moja inayocheza kwenye springi, juu ya mstari mfupi wa nukta. Jibu lake limo katika kitabu chochote cha shahada ya kwanza, kwa hiyo akikosea ataona mwenyewe. Aanzie hapo, wiki hii.