Maswali Manne Kabla ya Tiba ya Leza

(Mazungumzo ya mlaji mmoja na wakazi wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa)



Nimeombwa nieleze yaliyonipata usoni. Sikuja kumkataza mtu kutafuta tiba ya leza, kwa maana mikononi mwa mtaalamu tiba hiyo ina manufaa yake. Nimekuja kuwatajia maswali ambayo mimi sikuyauliza.

Kwa miaka kadhaa nilipaka mkorogo. Mashavu yalipoota madoa meusi, nilisafiri hadi Dar es Salaam, kwenye saluni iliyojitangaza kuwa huondoa madoa kwa siku moja. Mhudumu alinitajia bei, akanilaza kitandani, akanifunika macho. Hakuniuliza nilikuwa napaka nini. Nami, kwa aibu, sikusema. Nilihisi mchomo kama wa mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni. Nilipolalamika, aliniambia kwamba ndivyo tiba inavyofanya kazi. Kesho yake malengelenge yalitokea. Yalipopona, mashavu yalibaki na mabaka, mengine meusi kuliko madoa ya awali, mengine meupe.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinifafanulia. Leza ni mwanga wenye nguvu nyingi. Mwanga huo hufyonzwa na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kisha hugeuka joto. Doa lina melanini, lakini ngozi yetu nyeusi nayo imejaa melanini. Kwa hiyo mashine isiyofaa, au iliyowekewa nguvu kupita kiasi, huunguza doa pamoja na ngozi inayolizunguka. Ndiyo sababu kwa watu weusi wataalamu hupendelea leza yenye mawimbi marefu, kama ya nanomita 1064, ambayo melanini huifyonza kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, hatari haiishi kabisa, hasa kwa mtu ambaye ngozi yake huota makovu yanayovimba. Mkorogo nao huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu.

Basi, ndugu zangu, kabla hujalala kwenye kitanda hicho, uliza maswali manne.

Kwanza, ni nani atakayenitibu? Taka jina lake na uthibitisho wa taaluma yake. Akijiita daktari, awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Pili, mashine hii ni ya aina gani, na imeruhusiwa kutumika nchini? Vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA.

Tatu, je, inafaa ngozi kama yangu? Eleza bila kuficha kila krimu na dawa unayotumia. Omba ajaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kisha msubiri wiki kadhaa kuona matokeo. Asiyetaka kusubiri, mwache.

Nne, nitahitaji kurudi mara ngapi, kwa gharama gani, na nikidhurika nani atawajibika? Majibu yawe kwa maandishi.

Kwetu sisi wakulima kuna jambo jingine. Ngozi iliyopigwa leza yapaswa kukingwa na jua kwa wiki kadhaa. Usiende kutibiwa wakati wa palizi ya karanga au alizeti, ukatarajia kurudi shambani siku inayofuata.

Ukiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mkorogo. Nenda kwenye kituo cha afya mapema.

Sasa nieleze kosa langu la mwisho. Niliporudi kudai haki yangu, sikuwa na risiti, karatasi wala picha. Mwenye saluni alisema hanifahamu, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Ninyi daini risiti na mpige picha kabla na baada ya tiba. Aliyedanganywa na tangazo aweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Madhara ya kifaa tiba yaripotiwe TMDA. Krimu zenye viambato vilivyopigwa marufuku ziripotiwe Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019.

Mabaka yangu yamefifia kiasi, lakini hayajaondoka. Hivi karibuni binti yangu, mwenye alama za chunusi, aliniuliza kama naye aweza kwenda kwenye leza. Sikumkataza. Nilimwandikia maswali haya manne kwenye karatasi, nikamwambia asilipe hata shilingi moja kabla hajajibiwa yote.