Kabla Hujamwita Mvivu

Msikilizaji, mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kijana anayetua kiroba cha dagaa kabla ya wenzake huitwa mvivu. Shuleni, mtoto anayebaki nyuma kwenye mchakamchaka huitwa hivyohivyo. Leo nawaomba tusimame kabla ya kutamka neno hilo, kwa sababu katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, uchovu huo wakati mwingine hutoka kwenye damu na moyo.

Mwaka 2018, watafiti wa Hospitali ya Bugando na wenzao wa Marekani walichapisha matokeo ya sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mtoto mmoja kati ya watano alibeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Zaidi ya mmoja katika kila 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Chanzo ni kosa dogo kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni: asidi ya amino moja tu imechukua nafasi ya nyingine. Oksijeni ikipungua, protini hizo hushikamana, na chembe nyekundu ya damu hujikunja kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Iliyojikunja hufa ndani ya wiki mbili au tatu. Damu hupungua, na moyo hulazimika kusukuma zaidi kila pigo, usiku na mchana. Miaka ikienda, moyo hutanuka, kuta zake hukakamaa, na presha hupanda kwenye mishipa ya mapafu. Mwongezee mtu mwenye ugonjwa huu kazi nzito, jua kali na kiu, au baridi ya usiku ziwani, naye anaweza kuzidiwa.

Ndiyo maana nasema selimundu ni ugonjwa wa moyo pia, na tuutibu hivyo. Dawa ya hidroksiurea huongeza himoglobini ya aina ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo huzuia chembe zisijikunje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha watoto wa Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola, ulionyesha kuwa walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua.

Sampuli zile za Bugando zilikuwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokwisha kuchukuliwa kupima virusi vya UKIMWI. Njia ya kusafirisha damu kutoka zahanati hadi maabara, basi, tunayo. Serikali ifanye kipimo cha selimundu kiwe haki ya kila mtoto anayezaliwa kanda hii, na wenye ugonjwa wapimwe moyo mara kwa mara.

Nawe mzazi, ukienda kliniki, omba mtoto wako apimwe. Mwalimu, nahodha, msimamizi wa vibarua: anayesema amechoka, mpe maji, mpumzishe, kisha mpeleke hospitali.