Upepo wa Chini ya Mlango

Leo tuache kidogo habari za mbolea na mbegu. Tuzungumze juu ya mlango wa nyumba yako, na hasa ule mwanya ulio chini yake, kati ya ubao na sakafu, ambao upepo wa kipupwe unaupita usiku kucha kama mgeni aliyekaribishwa.

Ninyi mnaoishi Makete, Njombe, Mufindi na Mbeya, na ninyi wa milima ya Lushoto, hamna haja ya kuelezwa baridi ni nini. Kule Kitulo, mwezi wa Juni na wa Julai, kuna asubuhi unaamka unakuta majani ni meupe kwa sakitu. Ndugu wa Pwani asije akaondoka lakini. Mwanya huo huo ndio njia ya panya, nge na maji ya mvua. Panya mdogo wa nyumbani anahitaji tundu la unene wa penseli tu, akapita. Kwa hiyo maneno haya ni ya wote.

Kwanza tuelewe upepo huo unaingiaje. Watu wengi hudhani unasukumwa na upepo wa nje tu. Sivyo. Hata usiku uliotulia utausikia miguuni. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda juu na kutoka kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Ikishatoka, nyingine lazima ije kushika nafasi yake, na hiyo inaingia kwa chini, mlangoni. Ndiyo maana ukiwasha moto jikoni upepo wa miguuni unazidi badala ya kupungua. Na nani analala chini, kwenye mkeka? Mara nyingi ni watoto na wazee, ambao ndio hasa hawaiwezi baridi.

Basi kabla hujachukua nyundo, hebu tazama ubovu umetoka wapi. Ingia ndani mchana, funga mlango na madirisha, halafu inama uangalie mwanga unaoingia chini. Kama mwanga ni mpana upande wa bawaba na mwembamba upande wa komeo, mlango umelala, bawaba zimelegea. Hapo usihangaike na mpira wala gunia. Chonga kijiti, kipake gundi ya mbao, kipigilie ndani ya tundu la skrubu lililopanuka, kisha rudisha skrubu uikaze vizuri. Kazi ya nusu saa, na mlango unanyanyuka wenyewe.

Kama mwanga ni sawa mlango mzima, sababu ni nyingine. Wapo wanaolaumu mbao mbichi. Ni kweli kwamba mbao mbichi za paina au mkaratusi hukauka zikasinyaa, lakini ubao husinyaa kwa upana. Kwa urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mbao mbichi itakuletea ufa kati ya mlango na mwimo, pembeni, siyo mwanya wa chini. Mwanya wa chini hutokana na mambo matatu: fundi alikata mlango mfupi ili usikwame kwenye sakafu isiyo sawa, au sakafu ya udongo imelika pale mlangoni kwa ufagio na nyayo za kila siku, au ubao wa chini umeoza kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Ukiona umeoza, kata sehemu iliyooza yote, uunge ubao mzima. Kupigilia kiraka juu ya uozo ni kupoteza misumari.

Dawa iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kizingiti. Kwa sakafu ya saruji, changanya ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi, loanisha pale pa kujengea, upaparuze kwanza ili saruji mpya ishike, kisha jenga tuta dogo kutoka mwimo hadi mwimo. Liwe na mteremko wa kuelekea nje ili maji yasirudi ndani. Kama mlango unafungukia ndani, kama ilivyo milango mingi ya nyumba zetu, tuta hilo likae upande wa nje wa ubao, mlango ukifungwa uliegemee. Ukilijenga ndani, mlango hautafunguka, na utarudi kulivunja. Lifunike kwa gunia bichi na kulinyunyizia maji kwa siku saba. Kwa sakafu ya udongo, gogo lililochongwa pande nne na kuzikwa nusu linatosha, likipakwa oili chafu ili mchwa wasilikaribie upesi. Kizingiti kisiwe kirefu sana. Bibi mzee anayepita hapo usiku anakwenda haja asije akajikwaa.

Pengine huna saruji mwaka huu. Tafuta mpira wa ndani wa tairi la gari, ule uliokwisha kutobokatoboka. Wa baiskeli ni mwembamba mno, unajikunja. Kata ukanda wenye upana wa sentimita 8 na urefu sawa na upana wa mlango. Weka ukanda huo kwenye ukingo wa chini wa mlango, juu yake weka ubao mwembamba, kisha pigilia misumari midogo kupita kwenye ubao na mpira pamoja, kila baada ya upana wa kiganja. Ukipigilia mpira peke yake, utachanika penye misumari kabla mwezi haujaisha. Mpira uguse sakafu na kujikunja kidogo tu, kiasi cha nusu sentimita. Ukiwa mrefu kupita hapo utaburuzika, mlango utakuwa mzito, na watoto wataanza kuuacha wazi. Utakuwa umefanya kazi ya bure. Uweke upande ule ambao mlango unafungukia: unafungukia ndani, mpira uwe ndani.

Mpira unazuia upepo lakini panya anautafuna. Kwa mlango wa ghala au wa chumba cha mahindi, ongeza kipande cha bati upande wa nje, sentimita 20 kwenda juu, kikifika hadi chini kabisa ya ubao. Kunja makali yake kabla ya kukipigilia, maana miguu ya watoto haina viatu kila wakati.

Na yule asiye na chochote? Achukue mguu wa suruali kuukuu au kipande cha khanga, ashone mfuko mrefu kama soseji, aujaze mchanga mkavu na kuulaza mlangoni usiku. Usijaze pumba za mahindi, utakuwa umewaandalia panya chakula. Wafundishe watoto kuusukuma pembeni kwa mguu, ili usiku wakihitaji kutoka haraka usiwe kizuizi.

Sasa, ndugu mkulima, sikiliza hapa kwa makini, maana hapa pana uhai wa watu. Ukishaziba mlango, usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba ukalala nalo. Narudia: usilale na jiko la mkaa. Mkaa uliokolea, mwekundu, usiotoa moshi, watu huuona ni salama. Huo nao hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya hewa safi tunayoihitaji, na aliyelala hulala moja kwa moja asiamke. Ule mwanya wa chini ya mlango, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa unaingiza hewa kidogo. Umeuziba, basi sharti la jiko limebadilika. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje, mkaa wote, hata ule unaoonekana umefunikwa na majivu, ndipo ufunge. Mtu akisema kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu imekwisha nguvu, na jiko liko ndani, usimpe dawa ya malaria ukamlaza tena. Mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, fungua kila kitu, watoe na wengine, kisha mpelekeni zahanati. Na ule upenyo wa juu, chini ya paa, usiuzibe kamwe. Nafahamu unapitisha baridi, lakini hauwapulizii waliolala chini, nao unatoa moshi na unyevu.

Maneno hayo hayo yanakwenda kwenye banda la vifaranga. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale alipo, chini kwenye maranda, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke. Unaweza kutia mkaa wa debe zima, lakini kama upepo unapita chini ya mlango, unapita sawasawa kwenye migongo yao. Huhitaji kipimajoto kujua. Wakitawanyika, wanakula na kulala hapa na pale, mambo ni mazuri. Wakirundikana chini ya taa au jiko wakilia, wana baridi. Wakilikimbia na kutweta, joto limezidi. Na wote wakibanana upande mmoja wa duara, upande ule mwingine ndiko unakotoka upepo; nenda ukauzibe siku hiyo hiyo, usingoje kesho, kwa sababu wakirundikana usiku wa chini hukosa hewa na kufa, na asubuhi utadhani ni ugonjwa. Weka mpira mlangoni, zungusha maboksi au gunia kwa kimo cha sentimita 45 kuwakinga, lakini madirisha ya juu yabaki na njia ya hewa. Ukiingia ukasikia harufu kali inayochoma macho, umefunga mno, na maranda yameloana, yabadilishe. Kama unatumia jiko la mkaa humo, wewe mwenyewe usilale humo kuwalinda.

Mpira wa mlangoni hauchukui miaka mingi. Vumbi na jua huukausha ukapasuka. Uukague mwezi wa Mei, mvua zikimalizika, ukiwa bado na muda wa kutafuta mwingine. Hadi hapo ndugu mkulima, kwaheri.