Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Eksirei



Mimi ni mhasibu, si daktari, ila kamati imenituma nieleze mchango huu.

Mtoto akimeza sarafu, mara nyingi hutoka yenyewe chooni baada ya siku chache. Betri bapa ya saa au ya rimoti ni habari nyingine: ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya muda wa saa mbili tu. Sumaku mbili huvutana tumboni, zikaubana utumbo katikati mpaka ukatoboka. Na sisi walaji wa sato tusisahau mwiba, wala kijiti cha kuchokolea meno.

Nyumbani tumezoea kusukuma mwiba kwa tonge kubwa la ugali, kumtapisha mtoto, au kumpa dawa ya kuharisha. Tuache. Tumbo likiwa gumu kama ubao, pakiwa na homa, kutapika au damu chooni, mgonjwa apelekwe mbio, tena bila kulishwa, maana huenda akapasuliwa.

Eksirei huonyesha sarafu, betri na sumaku. Mwiba mara nyingi hauonekani, lakini hewa iliyovuja tumboni yaweza kuonekana, na tabibu akajua nani asafirishwe usiku huo huo kwenda kushonwa utumbo, na nani angoje nyumbani. Leo wote wawili wanalipa nauli ya wilayani, pamoja na ya msindikizaji.

Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina. Stakabadhi mtapewa hapo hapo.