TAARIFA KWA WANACHAMA: NDOA IKIVUNJIKA, KIBALI CHA MKE MGENI KINAKUWAJE?

Haya ndiyo maelezo tuliyoyatoa kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma humu kwa ambao hawakufika.

Mkoa wetu unapakana na Kenya. Ukivuka Sirari uko Isebania, na Wakurya wapo pande zote mbili. Wanawake wa kule wameolewa huku, wamelima huku, wamezaa huku. Nyumba ikiingia ugomvi, kauli ya haraka ya baadhi ya wanaume ni "nitakuitia Uhamiaji". Wengine wanataka viongozi wa tawi tuwasaidie kupiga hiyo simu. Jibu letu ni hapana.

Tuelewane kwanza ndoa inaisha lini. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kurudishwa kwa ng'ombe wa mahari au mke kufungashiwa virago hakuvunji ndoa. Shauri linapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likishindikana linakwenda mahakamani, na mahakama ndiyo inayotoa talaka. Kabla ya hapo yule mama bado ni mke, hata kama analala kwa jirani.

Kibali ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mke mgeni kwa kawaida anakaa kwa hati ya mfuasi, yaani ya anayeishi nchini kwa kumtegemea mwenzake. Talaka ikitoka, egemeo limeondoka. Asijifariji kwamba tarehe kwenye hati haijafika. Aende Uhamiaji aeleze hali yake: aombe kibali kwa sifa zake mwenyewe, kama ajira au biashara, au aombe muda wa kumaliza kesi. Akikaa kimya anageuka mkazi asiye na kibali, na hilo ni kosa hata kama ameishi Bunda miaka ishirini.

Wapo pia walioolewa kwa ng'ombe tu, bila cheti wala hati yoyote. Hao wasisubiri ugomvi. Mume na mke waende pamoja wakiwa bado wanaelewana, maana mume aliyekasirika haandiki barua ya kumdhamini mtu.

Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia wakati wowote mume akiwa hai. Akishaachika, mlango huo umefungwa. Aliyekwisha kuupata hanyang'anywi kwa sababu ya talaka, ila ajue mtu mzima habaki na uraia wa nchi mbili. Mwanaume mgeni aliyeoa binti yetu hana mlango huo kabisa. Sisi hatuoni haki hapo, lakini ndiyo sheria iliyopo. Kwa mabinti zetu walioolewa Kenya, Katiba ya kule ya 2010 inaruhusu kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na inatamka kwamba uraia haupotei ndoa ikivunjika.

Tena, kibali kuisha hakufuti jasho la mtu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Asiye raia hamilikishwi shamba isipokuwa kwa uwekezaji, lakini anaweza kuiomba mahakama impe fungu lake kwa fedha au mifugo. Watoto waliozaliwa hapa na baba Mtanzania ni raia, talaka haiwagusi. Walio chini ya miaka 7, sheria inachukulia ni vyema wakae na mama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sasa anayemsukumia mama mpakani usiku, yule anayenyonya anamwachia nani?

Mwenye shauri la namna hii, mume au mke, amwone katibu wa tawi. Tutamsindikiza Baraza la Usuluhishi, Uhamiaji au kwa wasaidizi wa kisheria. Aje na cheti cha ndoa kama kipo, pasipoti au kitambulisho cha kwao, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hakuna malipo, na anayedai pesa kwa jina la tawi aripotiwe.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Mugeta.